Maswali na Majibu: Kusafisha Vifurushi vya Python kwenye Linux

Natumia Ubuntu 22.04. Nitajuaje kama kifurushi kililetwa na apt (kisakinishi cha mfumo wenyewe) au na pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python)?

Andika `pip show` ukifuatisha jina la kifurushi, kisha usome mstari wa Location. Ukiona `/usr/lib/python3/dist-packages`, kifurushi hicho ni mali ya apt, na ni apt pekee inayopaswa kukiondoa. Ukiona `/usr/local/lib/python3.10/dist-packages`, kuna mtu aliyeendesha pip kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Vile ulivyoviweka bila sudo hukaa ndani ya `~/.local`, na `pip list --user` itakuonyesha hivyo tu. Usiondoe chochote kabla ya kumjua mwenyewe.

Nimeondoa Flask, mbona Werkzeug na Jinja2, vifurushi inavyovitegemea, bado vipo?

Kwa sababu `pip uninstall` huondoa kile ulichokitaja tu, na pip haina amri inayolingana na `apt autoremove`, ambayo huondoa vifurushi visivyohitajika tena. Endesha `pip list --not-required`, ambayo huorodhesha vifurushi visivyotegemewa na kingine chochote. Orodha hiyo isomwe kwa makini, kwani itakuwa pia na vile unavyovitumia wewe mwenyewe kila siku. Kila unapoondoa kimoja, vilivyokuwa vikikitegemeza huweza kujitokeza, hivyo irudie amri hiyo, kisha umalizie na `pip check`, inayokagua kama kuna kifurushi kilichokosa kile kinachokitegemea.

Kwenye Debian 12 pip inagoma kwa ujumbe wa "externally-managed-environment". Je, nitumie `--break-system-packages`?

La, na jina lenyewe limekwisha kukuonya. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inafuata PEP 668, mojawapo ya mapendekezo rasmi ya kuboresha Python, linalozuia pip kuingilia Python ya mfumo, ambayo programu nyingine zinaitegemea. Weka `python3-venv` kwa apt, kisha utengeneze mazingira ya pekee kwa kila mradi kwa `python3 -m venv`. Mradi ukiisha, unafuta folda yake na hakuna kinachobaki nyuma isipokuwa akiba ya pip. Binafsi sijaona njia ya usafi iliyo nyepesi kuliko hii. Kwa programu za kuendeshwa kwenye terminali, kama yt-dlp ya kupakua video, tumia pipx, ambayo huipa kila programu mazingira yake ya pekee.

Je, naweza kuiondoa python3 yote nianze upya?

Usithubutu. Kwenye Ubuntu, sehemu kubwa ya mfumo inaitegemea, na apt inaweza kuiondoa hata desktopu pamoja nayo.

Nimepandisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04. Folda ya `~/.local/lib/python3.10` ina kazi gani?

Toleo jipya linatumia Python 3.12, ambayo haiitazami folda hiyo. Nakili majina ya vifurushi unavyovihitaji, hakikisha hakuna mazingira ya zamani unayoyatumia bado, kisha uifute. Nafasi ikiwa bado haitoshi, `pip cache info` itakuonyesha ukubwa wa akiba ya pip (nakala za vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa), na `pip cache purge` itaifuta, ingawa anayenunua bando kwa megabaiti akumbuke kwamba vifurushi hivyo vitapakuliwa tena vikihitajika.