Wapiga kodiani wapya wa taarabu, hebu tuzungumze

Tumeyaona tena mazoezini, jamani. Kijana kodiani begani, vidole vyepesi kuliko vyetu, na makosa ni yale yale tuliyokwisha kuyafanya sisi mpaka tukatolewa jukwaani kwa jicho tu. Haya, kaeni.

1. Fika kabla ganuni, ile ala ya nyuzi inayolazwa, haijaanza kutuniwa. Ganuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na udi una nyuzi zake 11. Hizo zote zinakazwa na kulegezwa hapo hapo ukumbini. Kodiani haituniwi ukumbini. Ndimi zake za chuma hukwanguliwa na fundi mezani, moja moja, na kodiani nyingi zimetoka kiwandani na la (sauti ambayo ala zote hutuniwa kwayo) ya mitetemo 442 kwa sekunde badala ya 440. Kwa hiyo wewe ndiye unayetoa la, wenzio wanakufuata. Ukiingia ganuni imeshakaa sawa kwa 440, ama mzee wa ganuni aanze upya na ufunguo wake, ama usiku kucha msikike kama redio iliyokosa stesheni. Na mzee akianza upya, usitegemee kupewa kahawa.

2. Swichi ya mtetemo iache. Ukiifungua, kitufe kimoja kinaliza ndimi mbili zilizopishanishwa kidogo makusudi. Wapiga polka wa Ulaya wanaipenda, maana sauti inapasua kelele za ukumbi mzima wa watu wanaocheza. Kwenye taarabu una fidla pembeni yako zinazotafuta sauti moja, nawe unazipa mbili. Tumia swichi ya ulimi mmoja.

3. Hapa ndipo penye kilio. Bayati ni makamu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo; ya re inakwenda re, kisha mi iliyoshushwa robo sauti, kisha fa. Hiyo mi kodiani haina. Ina mi kamili, na ina mi bemoli, iliyoshushwa nusu sauti, basi. Mgeni akifika pale anabonyeza mi bemoli kwa kuwa "inakaribia", na kumbe ameshaigeuza bayati kuwa makamu nyingine, kurdi. Tungekuwa tunaharibu sehemu yetu peke yetu, ingekuwa nafuu. Lakini kodiani ina sauti kubwa na haiyumbi, kwa hiyo mwimbaji, bila kujua, anaanza kuiegemea. Ubeti wa kwanza yuko sawa, wa pili mi yake imeshuka. Fidla zinamfuata mwimbaji, kwa sababu ndiyo kazi yao. Nai, filimbi ya mwanzi, nayo inajikunja iwafuate. Inabaki ganuni peke yake kwenye bayati ya kweli, na mtu wa nje akisikia anadhani ganuni ndiyo mbovu! Ukumbini hakuna atakayesema robo sauti imepotea, ila mama aliyekwishainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji anarudi kitini. Wengi wetu ilituchukua miaka kuelewa kwa nini anarudi. Tulilaumu spika, tukamlaumu mpiga dumbaki, na kidole kiko pale pale kwenye mi bemoli.

Dawa yake ni kunyamaza. Piga re, ruka, kutana nao kwenye fa. Kwenye makamu ya rasti ya do mitego ni miwili, mi na si. Ziachie fidla, nai na udi usio na vizuizi shingoni. Makamu za nahawandi na ajam hazina robo, humo tamba utakavyo. Kabla ya wimbo, uliza makamu. Usikisie.

Mkono wa kushoto nao una hila hiyo hiyo. Kitufe cha kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya re maina kina fa ndani yake, sawa, lakini kodi ya do meja imebeba mi kamili, na umeshaitia kwenye rasti bila kuigusa kwa mkono wa kulia. Bonyeza safu ya besi tupu, kodi ziache zilale. Vifungo 120 na unatumia vinane, ndiyo, vinane.

4. Jibu mwimbaji akishatua kwenye kina cha mwisho. Mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, na katikati anavuta pumzi tu. Kijana akisikia pumzi anadhani ameitwa.

5. Usiiache ndani ya gari. Ndimi zimegandishwa kwa nta, na jua la saa saba linailainisha. Ukiinua kesho yake unasikia kitu kinacheza ndani kama jiwe kwenye debe. Iweke imesimama kwa miguu yake, mikanda ya mvukuto imefungwa. Usivute mvukuto bila kushika kitufe, angalau kile cha hewa. Chumvi ya pwani inakula chuma, hivyo ipige kila siku, japo robo saa, hewa ipite.

6. Bashrafu, vile vipande vya ala tupu visivyoimbwa, jifunzeni kwa moyo. Tumechoka kuwageuzia karatasi.