Filta na mifuko ya mashine ya kuvuta vumbi: yajue haya kabla hujatoa hela

Wadogo zangu mnaoingia karakana mwaka huu, kuna jambo mimi sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa kunoa randa, kupiga mraba, kusoma mshipa wa ubao kabla ya kuupasua. Vumbi lilikuwa kitu cha kufagia jioni, basi. Nimelijua vumbi kwa kupoteza hela na kwa kukohoa, na sitaki ninyi mlijue kwa njia hiyo.

Mashine yangu ya kwanza ya kuvuta vumbi ilikuwa ya mtumba, pipa la lita 20 na filta ya duara ndani yake. Niliiunganisha na mashine ya msasa, nikawa nasugua meza za mninga mchana kutwa na sakafu inabaki safi. Jioni napaka vanishi, nafunga mlango naondoka. Asubuhi nakuta vanishi imeota vipele. Nikailaumu vanishi, nikabadilisha brashi, nikanunua kopo la bei kubwa zaidi. Vipele palepale. Jioni moja nilizima taa zote, nikawasha mashine, nikamulika tochi kwa ubavu kwenye matundu yanayotoa hewa. Kilichotoka kilikuwa kama moshi. Mashine ilikuwa inameza vumbi kwa mbele na kulitema kwa nyuma, na lililotemwa ni lile jembamba lisilotua upesi, linaloelea hadi usiku wa manane ndipo lishuke juu ya kazi yako. Kabla ya kushuka, mimi nilikuwa nalivuta kifuani.

Hicho kipimo cha tochi kifanyeni wiki hii hii. Hakina gharama.

Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Vumbi la chini ya maikroni 10 linapita pua na koo, na lile la chini ya maikroni 5 linafika ndani kabisa ya mapafu. Maranda na pumba unazoziona sakafuni si tatizo kubwa. Tatizo ni usichokiona. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, katika chapisho lake la mwaka 1995. Saratani yenyewe ni ya pua na matundu ya hewa ya ndani yanayoizunguka, hasa kwa wanaofanyia kazi mbao ngumu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2023 fundi hatakiwi kuvuta hewa yenye zaidi ya miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo, wastani wa saa nane za kazi. Miligramu 2 ni punje chache za chumvi. Sisi tunaranda mvule na mninga, mbao ambazo vumbi lake lenyewe linawasha pua na kifua, na wengi wetu tunafanya hivyo kwenye vibanda visivyo na dirisha la pili.

Sasa tuje kwenye hela. Kosa la kwanza la anayeanza ni kununua mashine kwanza na kutafuta filta baadaye. Mitumba ya Ulaya na Dubai ina mota nzuri, lakini nyingi filta zake huzipati Kariakoo wala kwingine, na ukiagiza nje unasubiri huku umeziba pua kwa kanga. Kwa hiyo kabla hujalipia mashine, ifungue. Pima filta kwa milimita: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu, urefu. Pima tundu la ndani ya pipa ambalo mdomo wa mfuko unavaa. Andika, piga picha, nenda ukaulize mifuko na filta za vipimo hivyo. Zikipatikana kwa wauzaji wawili au watatu, rudi ununue mashine. Zisipopatikana, iache hata kama inauzwa nusu bei.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu mimi: kudhani filta na mfuko vinafanya kazi moja, hivyo ukiwa na kimoja kingine ni anasa. Mfuko unabeba mzigo, filta inamalizia kilichopenya. Ukiondoa mfuko ili uokoe shilingi elfu kadhaa, mzigo wote unaiangukia filta, ambayo bei yake ni mara nyingi ya mfuko. Filta inaziba, hewa inapungua, na katika mashine nyingi za bei ya chini hewa hiyo hiyo ndiyo inayopoza mota. Mota yangu ya kwanza iliungua hivyo. Nilikuwa nimeokoa bei ya mifuko sita.

Mifuko iko ya aina tatu kuu. Wa karatasi ndio rahisi kuliko yote na kwa maranda ya paina unatosha, ila ukikutana na kipande chenye ncha unachanika, na ukikutana na unga wa jipsamu au wa emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) unaziba mapema, kwa sababu vumbi linajenga tabaka juu ya uso wake. Wa pili ni wa kitambaa kisichofumwa, unaofanana na barakoa za hospitali. Nyuzi zake zimerundikana tabaka juu ya tabaka, vumbi linanasa ndani ya unene wake badala ya kugandamana usoni, kwa hiyo mvuto unabaki hadi mfuko unakaribia kujaa. Bei yake ni kubwa kuliko ya karatasi, lakini hesabu kwa mwezi, usihesabu kwa mfuko mmoja. Tuseme wa karatasi ni shilingi 4,000 na unaziba ukiwa nusu, na huu ni 7,000 na unajaa hadi juu. Fanya hesabu mwenyewe ni upi wa bei nafuu.

Wa tatu ni wa nguo, wenye zipu au kibanio chini, wa kumwaga na kurudishia. Wengi mtashawishika kumpa fundi cherehani aushone kwa kitambaa cha drili au jinzi. Mimi nimeshona. Kwa maranda makubwa ya mashine ya kuranda unafaa, hasa ukiwa na filta nzuri nyuma yake. Kwa vumbi la msasa haufai. Nguo iliyofumwa ina vijitundu kati ya uzi na uzi. Hata mifuko ya kiwandani ya mitambo ya zamani ya kukusanya vumbi ilikuwa ya maikroni 30, na mmeshaona kwamba linalopita hadi kifuani ni la chini ya 10. Na tafadhali msishone kwa ile mifuko mbadala tuliyoanza kubebea bidhaa baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku hapa Tanzania Juni 2019. Inafanana kwa macho na kitambaa cha filta, lakini haikutengenezwa kuchuja. Iweke mbele ya taa uone mwanga unavyopita.

Mifuko isiyo ya kampuni iliyotengeneza mashine si mibaya, mimi ndiyo ninayotumia. Angalia mdomo wake: kadibodi iwe ngumu, iwe na mpira unaobana kuzunguka tundu. Mfuko mzuri wenye mdomo unaocheza ni sawa na kutokuwa na mfuko, kwani hewa inafuata njia rahisi. Vuta mshono kwa vidole. Na nunua mmoja kwanza, uutumie siku mbili, kisha fungua pipa. Ukikuta vumbi nje ya mfuko, hujapoteza bei ya pakiti nzima. Mimi nilishawahi kuuziwa pakiti ya kumi, na yote kumi ilivujia mdomoni.

Kinachookoa hela kuliko mfuko wowote ni ndoo. Chukua ndoo ngumu ya rangi ya lita 20, funga juu ya mfuniko wake kile kikoni cha plastiki kinachozungusha hewa, yaani saikloni, halafu ukiweke kati ya msumeno na mashine. Uzito wa pumba unazitupa pembeni zinaangukia ndoo, na kinachofika kwenye mfuko ni lile vumbi jepesi tu. Mfuko niliokuwa nabadilisha kila wiki sasa unakaa miezi. Lakini mfuniko usivuje hata kidogo, paka silikoni kila kiungo, maana hewa ikiingia hapo pumba zinanyanyuka na kupita moja kwa moja. Ndoo laini itabonyea bomba la kuvutia likiziba. Na usiache ijae: ikifika theluthi mbili, mwaga.

Kuhusu filta yenyewe, ya karatasi haioshwi, ya poliesta inaoshwa. Neno HEPA, yaani filta ya kunasa vumbi jembamba sana, kwenye boksi halitoshi, tafuta daraja. H13 inanasa asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu kuliko zote kuzinasa. Mashine nzima za Ulaya zinapewa herufi: L inaruhusu chini ya asilimia 1 ya vumbi kupita, M chini ya 0.1, H chini ya 0.005. Kwa mbao M ndiyo ya kutafuta ukiweza. Hata hivyo filta ya H13 kwenye mpira wa kuzibia uliokauka na kupasuka haikusaidii kitu. Ukinunua filta ya mtumba, ingiza tochi ndani yake gizani. Tundu la sindano litang'aa kama nyota.

Kusafisha: igonge taratibu nje ya karakana, ukiwa na barakoa, kisha brashi laini. Ukitumia kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali na kwa mgandamizo mdogo, la sivyo unaitoboa. Inayooshwa iache ikauke kivulini siku nzima au zaidi. Niliwahi kuirudisha ikiwa mbichi kwa sababu mteja alikuwa mlangoni. Unga wa mbao uligeuka tope ndani ya mikunjo yake na haikupona tena. Tangu hapo nina filta mbili zinazopokezana. Mfuko wa kitambaa kisichofumwa usiukung'ute ili uutumie tena, unafungua nyuzi.

Zoeeni mlio wa mashine yenu. Mlio ukipanda na kuwa mwembamba, hewa imekosekana: mfuko umejaa, bomba la kuvutia limeziba au filta imechoka. Zima, angalia.

Na jambo hili nalisema kwa uzito wote: mashine inayovuta vumbi la mbao isivute cheche za grinda wala majivu. Cheche moja ndani ya mfuko wa unga mkavu, ikipata hewa inayopita kwa kasi, inafuka polepole na moto unaweza kuwaka mkiwa mmeshafunga na kwenda nyumbani. Ukiwa unakata chuma na mbao sehemu moja, chuma kifagie.

Kama mwezi huu una hela ya kitu kimoja tu, tengeneza ndoo. Mwezi ujao nunua mifuko miwili ya kitambaa kisichofumwa. Filta nzuri ifuate, na kabla ya kuifunga badilisha ule mpira wake wa kuzibia. Katika miezi hiyo yote vaa barakoa ya FFP2 (daraja la barakoa za kuchuja vumbi) iliyobana puani, hata mashine ikiwa inawaka, na usiivue mara tu baada ya kuzima. Vumbi jembamba bado liko hewani.