Mama wa Sake na benchi la pili

Wiki jana dada mmoja ameniandikia: amewekwa protokole kanisani kwao, yaani wa kupokea na kuketisha watu, watu wapya ni wengi, afanye nini asiharibu? Nilicheka peke yangu. Kweli amemuuliza aliyeharibu.

Nimesimama mlangoni mwa kanisa moja hapa Ndosho, Goma, miaka tisa. Februari 2024, vita iliposogea Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, barabara yetu ilijaa watu: magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, kuku wamefungwa miguu. Jumapili iliyofuata akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, akaketi benchi la pili. Kitenge chake kilinuka moshi, na tope jeusi lilikuwa limempanda hadi vifundoni. Sisi tulikuwa tunangoja wageni wa heshima. Nikamwinamia: "Mama, kule nyuma kuna nafasi nzuri."

Akainuka. Akavua sandali, moja imefungwa kwa waya, akazishika mkononi asituchafulie sakafu. Nyuma kule akaniambia polepole, "Hakuna shida, mama. Wakati wa volkano tulilaza watu wenu kumi na mmoja. Wao kitandani, sisi jikoni."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu wa Goma! Si kwake, lakini Sake hiyo hiyo. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Siku ya tano tukaamriwa kuhama, nikatembea kilomita kama 25 na bidoni ya maji kichwani. Nikapokewa na watu nisiowajua, wakanipa bugali na sombe, majani ya muhogo, hakuna aliyeniuliza nasali wapi. Majina yao nimeyasahau. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mahubiri ya siku ile yalikuwa juu ya wokovu. Sikusikia kitu. Kichwani ilikuwa Yakobo sura ya 2 tu, ambapo tajiri mwenye pete anaambiwa aketi pazuri na maskini anaambiwa asimame pale. Niliikariri nikiwa mtoto, tena nilipewa zawadi.

Basi dada, uliza jina. Usianze na kabila, usianze na kanisa alilotoka. Jina. Muache alipoketi, na Jumapili ya pili umwite kwa jina hilo. Ushauri wangu ni huo, na hata ukiniuliza tena nitakujibu jina.

Kufikia Pasaka nilikuwa nimeketisha watu kumi na wanne mbele, na wawili waliingia kwaya. Shemasi mmoja akasema ninaleta kambi ya wakimbizi ndani ya kanisa. Sijamsamehe vizuri, Mungu anisaidie. Petro mwenyewe alionyeshwa ile nguo yenye wanyama mara tatu ndipo akakubali kuingia kwa Kornelio, asiye Myahudi, na Roho akawashukia wale wageni Petro akiwa bado anahubiri! Sisi tunaimba neema, neema, halafu mlangoni tunapima watu kwa viatu. Wewe unayejiita umeokoka, ulikuja na nini mkononi? Mataifa tulikuwa nje wote, Waefeso 2 imesema, tukaitwa watu wa nyumbani. Nani alikutazama miguu?

Yule mama jina lake ninalo, sitaliandika hapa. Kambi za waliokimbia vita zilipovunjwa Februari 2025 alirudi kwao. Mwezi uliopita amenipigia simu: nyumba haina mlango, lakini maharagwe yameota, na nitakuja lini?

Bado sijaenda.