Maswali na majibu: simu wodini, dawa kwenye uji, na wasichana wa Kashasha

Nasoma udaktari mwaka wa 4. Wodini tuna mzee anayeshikilia kwamba mkewe ameondolewa, na huyu anayekuja kumwona ni mwingine aliyefanana naye. Naweza kumrekodi kwa simu niwaonyeshe wenzangu? Jina nitaficha.

Hapana. Kuficha jina si kumficha mtu. Katika mji wa wilaya sauti yake inatosha, kovu la kwenye paji la uso linatosha. Video ikiingia kundi la darasa jioni, asubuhi iko kwa shemeji yake. Na mbona ruhusa unaniomba mimi? Si yangu kuitoa. Subiri apate nafuu, kaa naye, mweleze nani ataiona na kwa ajili gani. Akikataa, yameisha, na matibabu yake yasipungue hata kidogo.

Hali hiyo hubeba jina la Joseph Capgras, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1923 pamoja na mwenzake Reboul-Lachaux. Wanafunzi mnalikariri jina, mnasahau swali la kwanza: huyo mke yuko salama? Mtu anayeamini kuna mgeni ndani ya nyumba aliyevaa sura ya mkewe anaweza kumdhuru akidhani anajihami. Muulize mama huyo faraghani kama ameshatishiwa, analala chumba gani, na panga la nyumbani linakaa wapi. Kisha mchunguzeni mzee ubongo pia, maana dalili hii si ya skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo) peke yake. Huja pia na ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, au baada ya kuumia kichwa.

Kijana wangu anakataa dawa za ugonjwa wa akili. Nimwekee kwenye uji?

Swali hili limerudi tena, na wengi wanaouliza wameshaanza kuweka. Acheni! Niliwahi kupokea kijana aliyeletwa usiku shingo imekakamaa kuelekea bega la kushoto, macho yamegeuka juu, ulimi unamtoka. Ndugu walisema ni mapepo, walishampitisha kwa mwombeaji. Mama alikuwa kimya. Tulipobaki wawili ndipo akasema: haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo za akili, alikuwa anaiponda kwenye chai, na siku kijana alipoonekana mbaya aliongeza. Sindano moja ilimfungua. Lakini kijana alipojua chanzo, aliacha kula chochote kilichopikwa na mama yake.

Kijana wako akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, Tanzania tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ina utaratibu wa kumlaza mtu bila hiari yake, kwa maandishi na kwa kukaguliwa. Asipokuwa hatari, muulize dawa inamfanya nini. Mara nyingi ana sababu: mate yanamtoka, nguvu za kiume zimepotea, analala mchana kutwa. Hayo daktari anaweza kuyarekebisha akiambiwa.

Nikimweleza daktari wa akili siri zangu, mume wangu ataambiwa?

Bila wewe kukubali, hapana. Siri hulegezwa hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Tunafundisha hilo kwa kesi ya Tarasoff ya California: mwaka 1969 mgonjwa alimwambia mtaalamu wake kwamba atamuua msichana fulani, polisi wa chuo wakamshika kidogo wakamwachia, na msichana hakuonywa. Aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Hukumu ya huko haitufungi sisi, ila wanafunzi wangu naomba waione ilivyo nyembamba: ilihusu kuokoa uhai. Ndoa ya mtu haimo.

Kuna watu kweli wanaodai wamekufa?

Wapo. Jules Cotard, daktari Mfaransa, aliwaeleza jijini Paris mwaka 1880. Mara nyingi ni sonona kali, na anayeamini amekufa haoni sababu ya kula. Kama unaye nyumbani, mpeleke hospitali leo.

Mimi ni mwalimu wa bweni. Wasichana wanaanguka na kupiga kelele, mmoja akianza wanafuata kumi. Ni kama Kashasha? Tuite waombeaji?

Inafanana. Huko Kashasha, karibu na Bukoba, mlipuko wa kucheka bila kujizuia ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya misheni ya wasichana. Kati ya wanafunzi 159, walishikwa 95, na Machi shule ikafungwa. Waliporudishwa makwao, hali ikatokea na vijijini. Madaktari walipima, hawakupata sumu wala kijidudu. Watu husimulia kama kichekesho, na inaniuma, kwa sababu wale mabinti walilia kama walivyocheka, kwa hofu, wengine kwa siku kadhaa. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Wapo waliobaki ambao leo ni bibi za watu.

Kwenu, anzeni na chakula, maji, malaria na kifafa. Yakiondoka hayo, watenganisheni taratibu, wasikusanyike kutazamana, simu zitoke bwenini. Maombi ya hadhara yenye kelele huongeza wanaoanguka, nimeyaona. Halafu tafuteni kinachowabana: viboko, mtihani, au mwalimu anayewashika. Kila binti apewe dakika kumi na mwanamke anayemwamini, mlango umefungwa, kabla wazazi na wapiga picha hawajafika getini.