Barua kwa mwanangu: wanamlilia nini Patsy Cline?

Mwanangu,

Pole na baridi ya huko. Sisi tuko salama, mvua imekawia kidogo lakini mahindi bado yamesimama, na ile paka yako imezaa tena, safari hii kwa kikapu changu cha vitambaa.

Nimesikiza ile sauti uliyonitumia WhatsApp mara tatu. Mara ya kwanza nilikua dukani, cherehani inapiga kelele, sikushika vizuri, halafu jioni nikatulia na chai nikakusikia. Ati mlienda na yule mwenzako wa kazini mpaka Winchester, huko Virginia, Marekani, ukakumbuka ndio nyumbani kwa yule mwimbaji wa kantri, Patsy Cline wa mamako, mkapita kaburini. Ukakuta maua na senti zimewekwa juu ya jiwe na mzee mmoja amesimama hapo na kofia mkononi akipangusa macho. Ukaniuliza, mum, huyu mtu alikufa 1963, huyo mzee alikua mtoto, wewe hata hukua umezaliwa, kwani mnalia nini?

Sikukujibu hio siku kwa sababu hilo si swali la kujibiwa na emoji. Nimekaa na simu leo, nguo za shule nimemaliza, wacha nijaribu. Ukiona makosa ya kuandika usinicheke, kidole ni kimoja.

Mimi nilizaliwa 1964, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, kwa hivyo uko sawa, hatukupishana hata siku moja. Lakini guka yako, babangu, alikua dereva wa trakta kwa shamba la mzungu huko Njoro, na huyo mzungu alipouza shamba akarudi kwao, guka alinunua gramafoni yake pamoja na santuri, bei ya kutupa. Nyingi zilikua za Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri. Sasa Jim Reeves huku kwetu ni kama mtu wa kijiji, hata wewe umekua ukimsikia kwa redio Jumapili, na yeye pia alikufa na ndege kama Patsy, tarehe 31 Julai 1964, dhoruba ilimpata karibu na Nashville, ule mji wa waimbaji wa kantri. Patsy alikua na santuri moja tu kwa hilo sanduku, na ilikua na mkwaruzo pahali, ikifika hapo lazima mtu ainuke aisukume. Mimi ndio nilikua wa kusukuma. Kizungu nilikua sielewi, nilikua darasa la pili, lakini hio sauti nilielewa. Ilikua kama mtu mzima anayejikaza asilie mbele ya watoto.

Mengine yote nimeyajua ukubwani, na mengi ni tangu uninunulie hii simu, vile nakaa usiku nikipiga mapindo huku nawasikiza wazee wa kizungu wakimkumbuka. Na unajua mimi ni fundi, mtu akiongea juu ya msanii mimi naangalia nguo kwanza. Kumbe zile nguo zake za kina kauboi, zenye matamvua mikononi na urembo wa kushonewa kifuani, alikua anazichora yeye mwenyewe halafu mamake ndio anashona. Mamake anaitwa Hilda. Alimzaa Patsy, tarehe 8 Septemba 1932, akiwa na miaka 16. Bwana akawawacha, Hilda akabaki na watoto watatu na cherehani, na Patsy akawacha shule akaenda kufanya kazi dukani kwa mwenye dawa, anauzia watu soda, usiku anaimba popote pale atakubaliwa. Hilda anamngoja, anamshonea, asubuhi kazi tena. Hao wawili walikua kama dada na dada, wamepishana miaka 16 tu.

Januari 1957 akapata nafasi kwa televisheni New York, kwa kipindi cha Arthur Godfrey, mahali wasanii wapya walikua wanaletwa na mtu wa kuwajulisha, na aliyemleta ni Hilda. Wenye kipindi wakakataa ile nguo ya mamake. Ati avae gauni ya jioni ya watu wa mjini. Na ndio hio siku aliimba Walkin' After Midnight akashinda. Watu wakisimulia hio hadithi wanafurahia ushindi, mimi ninamfikiria Hilda ameikunja ile nguo anairudisha kwa sanduku. Najua hio kazi ya matamvua, ni usiku ngapi.

Sasa vile alikufa. Kulikua na mtangazaji wa redio huko Kansas City amekufa kwa ajali ya gari, wasanii wakaenda kumwimbia ili familia yake ipate pesa. Tarehe 3 Machi 1963. Patsy alikua na homa lakini akapanda jukwaani mara tatu siku hio, ya mwisho akiwa amevaa nguo nyeupe ya shifoni. Kesho yake ukungu, ndege hazitoki. Rafiki yake Dottie West, msanii pia, akamwambia twende na sisi kwa gari. Ni safari ndefu, na Patsy alikua anataka kufika haraka kwa watoto, Julie alikua na miaka minne na Randy miwili. Akamwambia Dottie asijali, siku yake ikifika imefika. Tarehe 5 wakapanda kandege kadogo, rubani ni manija wake mwenyewe, Randy Hughes, na wasanii wengine wawili, Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins. Huyu Hawkins hata hakua wa kupanda hapo, alikua amempatia mwenzake Billy Walker tiketi yake ya ndege kubwa kwa sababu Walker alikua na shida nyumbani. Wakasimama Dyersburg kuweka mafuta, wakaambiwa mbele hali ya hewa ni mbaya, laleni hapa. Rubani akasema wamekwisha kuja mbali, wataendelea tu. Hakua amesomea kuongoza ndege ndani ya mawingu. Wakaanguka msituni karibu na Camden, Tennessee, kama kilomita 140 tu kutoka Nashville. Saa ya mkono ya Patsy ilisimama saa kumi na mbili na dakika 20 jioni. Alikua na miaka 30.

Usiku huo msanii mwenzao Roger Miller aliingia huo msitu na watu wengine, anatembea gizani akiwaita kwa majina. Mpaka kukapambazuka. Hio ndio sehemu mimi siwezi kusikiza nikiwa na sindano mkononi. Na haikuishia hapo, siku mbili baadaye msanii mwingine, Jack Anglin, akagonga na gari akafa, alikua anaenda kwa ibada ya kumkumbuka Patsy. Bibi ya Hawkins, Jean Shepard, naye mwimbaji, alikua mja mzito, alijifungua mwezi mmoja hivi baada ya kuzika. Hebu fikiria huo mji wa waimbaji wiki hio.

Lakini wewe umeuliza wanalia nini, hukuuliza alikufaje, na sidhani watu wanalilia ajali miaka sitini. Ajali ni nyingi.

Sikiza hawa marafiki zake wakiongea. Loretta Lynn, mwimbaji pia, alifika Nashville 1961, msichana wa milimani, maskini, ana watoto wanne, hajui hata kuvaa viatu virefu. Juni mwaka huo Patsy alipata ajali mbaya ya gari, akatupwa nje kwa kioo, uso ukachanika, nyonga ikatoka. Na hapo barabarani anavuja damu akasema wale wa gari ile ingine ndio waangaliwe kwanza. Akiwa hospitali Loretta akamwimbia wimbo wake mwenyewe Patsy kwa redio, kipindi cha usiku cha Ernest Tubb, na Patsy badala ya kuona ni kamsichana kanamwibia wimbo, akamtuma bwanake aende amlete. Kutoka hapo akamfundisha kila kitu. Namna ya kupanda jukwaani na kushuka, namna ya kuvaa, akampa nguo, akamnunulia mapazia ya nyumba. Mapazia, mwanangu! Urafiki wao haukufika miaka miwili, lakini Loretta aliishi mpaka 2022, akafa na miaka 90, na mpaka uzeeni ukimtajia Patsy sauti inabadilika. 1964 alizaa mapacha, mmoja akamwita Patsy.

Huyo Dottie West naye siku moja alipewa kitabu cha Patsy alichokua anabandika picha na vipande vya magazeti. Kufika nyumbani kukifungua ndani kuna cheki ya dola 75, Patsy alikua amejua wana shida ya rent na hawajasema.

Halafu kuna mama mmoja wa Houston, Louise Seger, huyu hakua msanii, ni mpenzi wa muziki tu. 1961 alienda konsati mapema akamkuta Patsy amefika peke yake hana hata mtu wa kumpokea. Wakaongea. Baada ya kuimba wakaenda kwa Louise, wakakaanga mayai jikoni, wakaongea juu ya wanaume na watoto mpaka karibu asubuhi, na kutoka hapo Patsy akawa anamwandikia barua. Msanii ana hiti redioni nchi nzima na anaandika barua kwa mtu aliyemkaangia mayai. Sasa mwite huyo mpenzi wa muziki au rafiki? Mimi nikisoma hapo niliona hata mimi mkwaruzo wa santuri ulinifanya kitu fulani kwake.

Enyewe hakua malaika, alikua na mdomo, anatukana kama makanga, na pesa alikua anadai kabla hajapanda jukwaani. Mji wake huo huo wa Winchester wengi walikua wanamdharau, msichana wa upande wa maskini anayeimba kwa mabaa. Leo kuna barabara yenye jina lake. Wacha nisiseme zaidi, miji yote iko hivyo.

Sasa nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Miaka ya tisini kulikua na msichana hapa Nakuru alikua anaimba kantri wikendi, nyimbo za hao hao wazungu na chache za kikwetu. Jina nitakwambia ukija, mamake bado yuko. Alikuja kwangu na picha amechora kwa karatasi ya daftari, nguo nyeupe yenye matamvua, akaweka deposti ya shilingi 200, ikabaki 350. Jumanne akaja kupimwa, tukacheka sana kwa sababu alikua hatulii, anaimba huku nimeshika pini mdomoni. Akasema atachukua Jumamosi. Jumamosi akaja dada yake. Alikua ameshikwa na malaria Jumatano, Ijumaa usiku akaenda. Miaka 24. Dada akaniuliza kama nguo iko tayari kwa sababu ndio wanataka kumvalisha.

Ilikua imebaki pindo. Nililipiga kwa mkono, sikutaka kukanyaga mashine. Siku ya mazishi tulijaa, na si wapenzi wa muziki, wengi hawakua wamewahi kumsikia akiimba. Mama mboga anasema alinilindia kibanda nikiwa na mtoto hospitali. Makanga anasema alinikopesha. Kila mtu amekuja na kake kadogo. Mimi nilikua na zile 350, bado zimeandikwa kwa daftari ya mwaka huo, sijawahi kupiga laini.

Ndio miaka mingi baadaye nasikia kwamba Patsy, 1961, akiwa kwa ndege, alichukua karatasi za kampuni ya ndege akaandika wosia kwa mkono, na miongoni mwa yale aliyoomba ni azikwe na nguo ya kikauboi aliyoichora mwenyewe. Nilisimamisha hio video. Nilitoka nje nikasimama kwa mlango kidogo, babako akaniuliza ni nini nikamwambia ni moshi.

Kwa hivyo huyo mzee sijui analilia nini, pengine ni bibi yake waliyekua wanacheza naye hizo nyimbo, pengine ni yeye mwenyewe. Ungemuuliza, wazee wanapenda kuulizwa. Mimi nimekwambia yangu.

Hilda aliishi mpaka 1998, mwanangu. Miaka 35 bila mtu wa kumpima.

Sasa nina kazi nataka unifanyie. Ile nyumba yao Winchester iko South Kent Street namba 608, siku hizi imefanywa makumbusho. Ukipata off nyingine rudi, na kama wameweka nguo zake, za kweli au za kuigiza, omba hao wenye nyumba kwa heshima wakuruhusu uone upande wa ndani. Usinipigie picha ya mbele, ya mbele nimeona. Nipigie pindo, na pale matamvua yanaposhikana na mkono wa nguo, karibu kabisa mpaka nione uzi. Nataka kujua alikua anarudia mara mbili kama mimi ama mara moja.

Vaa soksi nzito. Babako anakusalimia, anauliza ile gari umebadilisha tairi.

Mimi mamako.