Risasi ya Pili

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Je, ni haki raia wa Uganda kumiliki bastola na kumuua jambazi anayemvamia?" Nilikuwa na jibu la neno moja, hapana, na nilikusudia kuandika mistari mitano tu. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba yangu alikuwa konstebo, na yeye ndiye aliyenifundisha kuogopa bunduki hata ikiwa mikononi mwa mtu mwema. Na kwa nini nisiogope? Mwezi wa Mei 2023 waziri Charles Engola aliuawa pale Kyanja na mwanajeshi aliyepewa kazi ya kumlinda. Siku kumi baadaye, katikati ya Kampala, konstebo alimuua mkopeshaji pesa ofisini mwake kwa risasi. Hao ni watu waliofunzwa na serikali. Sasa tuongeze na wenye maduka?

Wenye umri wangu wanakumbuka pia habari za makondo, yaani majambazi wenye silaha. Mwaka 1972 Idi Amin alitoa dikrii iliyowaruhusu askari kumpiga risasi mtu anayeshukiwa unyang'anyi ili asitoroke. Kushukiwa tu. Baba alikuwa akisema kwamba baada ya hapo kila maiti iliyookotwa ilikuwa ya kondo, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Kisha mwaka 2002 ikaja Operesheni Wembley ya Kanali Elly Kayanja, msako wa majambazi wenye silaha. Watu walishangilia, maana walikuwa wamechoka kuvamiwa, lakini waliopigwa risasi wakalala barabarani hawakuwahi kumwona hakimu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 22, inasema mtu hataondolewa uhai kwa makusudi ila kwa hukumu ya mahakama. Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta.

Lakini niko Busia, nabadilisha pesa mpakani, na siwezi kuandika habari hizi nikamruka Haji.

Haji alikuwa jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa kabla ya korona, jioni, mvua imekatika na umeme haujarudi. Walikuja vijana wawili kwa pikipiki moja. Mmoja alikuwa na bunduki ndani ya gunia, mwingine panga. Nilikuwa nafunga hesabu na binti aliyekuwa akinisaidia kazi. Nilitoa mkoba mara moja, shilingi za Uganda na za Kenya zote, sikubishana. Mwenye panga akampiga binti mkononi hata hivyo. Sijui kwa nini. Hakuwa amesema neno. Vidole viwili vilikwenda pale pale, na hadi leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Ndipo nikasikia sauti ya Haji: "Dada, lala chini!" Nikalala. Akapaza sauti mara mbili, waweke silaha chini. Mwenye bunduki akageuka na kumwelekezea yeye. Haji alipiga risasi moja. Kijana akaanguka juu ya ndoo yangu ya maji, maji yakamwagika yakanifikia pale nilipolala, na kwa muda nilidhani ni damu yangu.

Yule wa pili alitupa panga na kukimbia kuelekea kwenye foleni ya malori. Niliinua kichwa nikamwona Haji amenyoosha mkono, bastola inamfuata kijana yule mgongoni. Alikuwa karibu, asingemkosa. Nilimwona akiishusha.

Watu wengine hawakushusha mikono yao. Madereva, waendesha boda, wauza chapati, wote walishasikia "mwizi!" na walimkamata kabla hajafika lori la tatu. Mawe yalianza. Mtu mmoja alikuwa tayari amekuja na tairi. Haji alikwenda akasimama katikati yao, kanzu imelowa, bastola ile ile mkononi, akasema atakayerusha jiwe jingine atashughulika naye. Walimtukana. Wapo waliomwambia ni mshirika wa wezi. Alisimama hapo mpaka pikapu ya polisi ikafika, na kijana akapandishwa akiwa hai.

Watu waliomsifu Haji kwa yule aliyekufa ndio waliomnunia kwa yule aliyepona. Wiki nzima waliletwa wageni kumshika mkono. Alikuwa anafunga duka na kuondoka. Polisi waliichukua bastola kama kielelezo, yeye mwenyewe alilala selo, akaandika maelezo na kuyarudia, mwishoni faili likafungwa. Mama wa marehemu alipokuja kuchukua mwili, Haji alimpelekea pesa ya sanda. Mama alizikataa. Haji hakulalamika. Aliniambia tu, "Ana haki."

Niliwahi kumuuliza kwa nini hakumpiga yule wa pili, maana mimi nilikuwa na mkono wa binti mbele ya macho yangu. Akasema alikuwa ameshatupa panga. Basi. Wapo wanaopenda kutaja hadithi ya Mtume kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Ni kweli, lakini inamzungumzia anayeuawa. Haimpi mtu ruhusa ya kufuata mgongo wa anayekimbia. Sheria ya jinai nayo inapima hivyo hivyo: nguvu isizidi inayohitajika kuzuia shambulio, na shambulio likiisha, kinga ya sheria imeisha.

Kwa hiyo naona mmeuliza mahali pasipo. Risasi ya kwanza ya Haji sina shaka nayo, naandika haya kwa sababu alifyatua. Ningetaka kuulizwa habari za risasi ya pili, na nani miongoni mwetu anaweza kuizuia.

Nilianza na hapana. Sasa nasema ndiyo, kwa mtu kama Haji. Lakini kibali hakitolewi kwa watu kama Haji peke yao. Mwaka 2016 kule Lugogo, Kampala, kijana alipigwa risasi kwa sababu ya gari kukwaruzwa, na aliyempiga alikana miaka kadhaa kabla ya kukiri na kufungwa. Safari ya kibali inaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na kuishia kwa Mkuu wa Polisi, na sote tunajua barua ya LC1 inavyoweza kupatikana kwa chai. Mimi ningetaka majirani waulizwe mtu huyo akikasirika huwaje. Mkewe aulizwe, faraghani, mwenyewe akiwa hayupo. Wanaomfanyia kazi waulizwe kama amewahi kuwapiga. Na wale askari wa kampuni wanaolinda maduka yetu usiku kucha kwa mshahara mdogo wapimwe vivyo hivyo, maana wao wanazo bunduki tayari wakati sisi tunajadili bastola.

Haji akiomba tena, nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kumshuhudia. Mimi sitaomba. Jioni ile, kama ningekuwa mimi niliyeishika, yule wa malori asingefika lori la kwanza.