Zuhura haina sumaku, mbona hewa yake haijaisha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Darasani tumeambiwa Dunia ina sumaku na ndo hiyo inazuia upepo wa jua (chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua) usituchukulie hewa, Mirihi sumaku yake ilizima ndo maana hewa ikapeperuka. Sasa nimesoma Zuhura nayo haina sumaku ila hewa yake nzito balaa. Hapo imekaaje? (Mwanafunzi, Newala)

JIBU: Marahaba mwanangu, umebana penyewe. Ile hadithi ya sumaku kuwa mlinzi pekee wa hewa imezoeleka sana na kwa kweli ni nusu tu ya habari. Zuhura shinikizo la hewa pale chini ni kama mara 92 ya letu, yaani sawa na kuzama mita 900 hivi huko bahari kuu wanakotafuta gesi, asilimia 96 ni kabonidayoksaidi na joto linapanda hadi nyuzi 465 hivi. Na sumaku ya ndani vyombo vimeenda kupima vikakosa.

Ila haiko uchi. Mionzi ya jua inang'oa elektroni kwenye hewa ya juu kabisa, hilo tabaka lenye chaji ndo ionosfia, sasa upepo wa jua ukija na sumaku yake ukalikuta hapo mikondo ya umeme inazuka na ule upepo unalazimika kupita pembeni. Kwa hiyo ina magnetosfia (yaani ngao ya sumaku inayoizunguka sayari) ya kuazima, ndogo, imebana karibu na sayari. Na bado inavuja! Haidrojeni nzito kule ni zaidi ya mara 100 ukilinganisha na uwiano wetu, maana yake haidrojeni nyepesi iliondoka kwa wingi sana, na maji yakaenda nayo.

Mirihi sasa shida yake kubwa ni udogo. Mvutano wake ni kama asilimia 38 ya wetu, gesi inatoroka kirahisi, na tumbo lake lilipoa mapema ndo sumaku ikazima miaka kama bilioni 4 iliyopita, yamebaki mabaka ya sumaku kwenye miamba, hasa upande wa kusini. Chombo cha anga cha Wamarekani kiitwacho MAVEN kilifika huko 2014 kikapima hewa inayokwenda na upepo wa jua, ni kama gramu 100 kila sekunde, na jua likichafuka inazidi. Leo shinikizo la hewa kule halifiki hata asilimia 1 ya letu.

Na sisi wenye sumaku tunavuja pia, kule kwenye ncha mistari ya sumaku iko wazi na oksijeni yenye chaji inatokea hapo, wataalamu bado wanabishana kama sumaku inaokoa hewa nyingi kihivyo. Kwenye mtihani andika walivyokufundisha, ila mimi ukiniuliza kinachoshikilia hewa naanza na uzito wa sayari.

SWALI: Mwalimu, usiku tukiwa kwenye dau redio ya AM inakamata stesheni za mbali, mchana kimya. Na sayari nyingine iko hivyohivyo? (Mvuvi, Kilwa Kivinje)

JIBU: Mchana kuna tabaka la chini la ionosfia, kilomita 60 hadi 90, linameza mawimbi ya AM. Jua likizama elektroni zake zinarudiana na hewa fasta maana hewa pale bado nzito kiasi, linabaki tabaka la juu zaidi ya kilomita 200 ambalo linayarudisha mawimbi chini, ndo unasikia watu wa mbali. Mirihi inayo ionosfia, ila nyembamba kuliko yetu. Inayonishangaza ni Zuhura kaka, usiku wake mmoja ni karibu siku 58 za kwetu, ungetegemea ionosfia ife kabisa, kumbe chembe zenye chaji zinamiminika toka upande wa mchana kuja upande wa giza.

SWALI: Eti Jupita inasikika redioni? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Inasikika. Wanasayansi Burke na Franklin waliinasa 1955 kule Marekani, bila kuitafuta, kwenye megahezi 22 hivi. Sumaku yake ni kubwa mno, mkia wa magnetosfia yake unafika mpaka kwenye njia ya Zohali, na mwezi wake Io una volkano zinazoilisha kama tani moja ya gesi kila sekunde, gesi hiyo ikishapata chaji ndo fujo ya redio inaanzia hapo. Tafuta redio ya mawimbi mafupi inayofika megahezi 18 hadi 22, waya wa mita 7 ukatwe katikati uwe antena, kaa mbali na nyaya za umeme, subiri usiku Jupita ikiwa juu. Ukisikia shwaa… shwaa… zinapanda na kushuka, inaweza kuwa yenyewe. Radi za mvua nazo zinasumbua hapo, kwa hiyo jaribu kiangazi.